Wahudumu wa Darasa la Nane

Jopo la mahakama lilitoa uamuzi wake Alhamisi jioni: askari aliyempiga risasi na kumuua kijana Demarius Fuqua hana kesi ya kujibu. Kufikia asubuhi hapakuwa na mtu mweusi katika mji wa Tolliver, Alabama, aliyekuwa amelala usingizi wa maana. Mwalimu Odessa Pruitt ndiye hakulala kabisa. Alikuwa amemfundisha Demarius sayansi, kama alivyomfundisha mama yake kabla yake, na sasa alikuwa na mdogo wake wa kike, Kamryn, darasa la nane, kiti cha mbele karibu na dirisha.

Kabla ya kengele, mwalimu mkuu, Daktari Stallworth, aliwakusanya walimu. Alikuwa mwanamke mweusi kama wengi wao, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya kila mtu, lakini maagizo yalikuwa yametoka juu na kazi yake ilikuwa kuyashusha. Masomo yaendelee kama kawaida. Habari za kesi zisizungumzwe madarasani. Mtoto atakayelia apelekwe kwa mshauri nasaha, mmoja mmoja.

"Mmoja mmoja?" Mwalimu Odessa aliuliza. "Na wakilia wote?"

"Odessa, tafadhali."

"Nauliza tu, Daktari. Ile ofisi ina viti viwili, na kimoja ni cha mshauri mwenyewe."

Watoto walie kwa zamu, kama watu waliopanga foleni kwa kinyozi! Mwalimu Odessa alitoka kikaoni akisonya. Aliyetunga agizo lile, alijiambia, hajawahi kufunga mlango akabaki ndani na darasa zima la watoto wa miaka kumi na mitatu, siku ambayo wameambiwa kwamba mtu wanayempenda ameuawa na hakuna aliyekosea.

Hakuna aliyemtarajia Kamryn siku ile, lakini alikuja. Aliketi, akapanga kalamu zake, akarekebisha miwani yake. Wenzake walimwangalia kwa pembe ya jicho wakaangalia pembeni, maana hawakujua waseme nini, na kwa kweli hata watu wazima hawakujua. Mwalimu Odessa akaanza somo la msuguano. Alisukuma kipande cha mbao mezani akauliza kwa nini kimesimama, na kabla mtu hajanyoosha mkono, Kamryn akapiga ukelele.

Hakikuwa kilio cha mtoto. Kilitoka chini kabisa, kama kilio cha mama mzima makaburini, na darasa zima likaganda. Mkono wa Mwalimu Odessa ulianza kwenda kwenye simu ya ukutani ili amwite mshauri. Ulifika nusu ya njia, ukageuka. Ukaingia kwenye mkoba wake, ukatoka na kipepeo cha mkono, kile cha karatasi ngumu chenye kijiti, kilichochapwa tangazo la nyumba ya mazishi upande mmoja na Mchungaji Mwema na kondoo wake upande wa pili.

Tangu usichana wake Mwalimu Odessa alikuwa mhudumu wa mlango katika kanisa la Kibaptisti la Kanaani Mpya. Anayedhani kwamba mhudumu wa mlango ni mtu wa kuonyesha watu viti tu, huyo hajapata msiba katika makanisa ya kule. Mtu akizidiwa na uchungu katikati ya ibada, akipiga kelele, akijitupa, mhudumu hutokea na glavu zake nyeupe. Hamnyamazishi. Humvua miwani isivunjike, husogeza kiti asijiumize, kisha husimama nyuma yake, ngumi ya kushoto ameiweka mgongoni mwake mwenyewe, usawa wa kiuno, maana yake nipo kazini, na mkono wa kulia unampepea. Mtu analia mpaka amalize. Yeye yupo tu.

Hivyo ndivyo alivyofanya. Alimvua Kamryn miwani, akasimama nyuma ya kiti chake, akaanza kupepea taratibu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa Mwalimu Antoine Guillory wa hisabati, wa chumba cha pili, kijana mrefu mwembamba kutoka Louisiana, mweusi na Mkatoliki, jambo ambalo katika Tolliver lilihesabiwa kama kilema cha kusikitikiwa.

"Nimesikia... Nimwite mshauri?"

"Usimwite mtu. Njoo ushike hii miwani."

Aliishika kwa mikono miwili kama aliyepewa yai. Kamryn alilia, na wengine wakaanza kulia, wavulana wawili waliokuwa wakijifanya wanaume wa shoka wakiwa wa kwanza. Mwalimu Guillory naye machozi yakamtoka akiwa amesimama palepale. Hakuna aliyepelekwa popote. Kilio kilipanda, kikafika juu, kikashuka chenyewe, na Kamryn akanyoosha mkono kutaka miwani yake.

"Mwalimu," alisema Tanijah Broadnax, msichana mwenye mdomo kuliko wote darasani, akijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Bibi yangu hufanya hivyo hivyo kanisani. Tufundishe na sisi."

"Mfundishwe nini?"

"Kushika mtu. Maana utastaafu, Mwalimu, usikasirike. Na hapa hatutaacha kulia leo wala kesho."

Mwalimu Odessa hakukasirika. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akachagua kupenga kamasi.

Basi saa za chakula cha mchana chumba cha sayansi kikageuka shule ya wahudumu. Mwalimu Odessa alileta sanduku la glavu nyeupe kutoka Kanaani Mpya na vipepeo tele. Aliwafundisha kutembea bila kugongagonga viatu, na kuzungumza kwa mikono, maana mhudumu hatoi sauti. Kidole kimoja juu ya bega: kipo kiti kimoja. Viganja viwili vikitazama chini, vikishuka polepole: pumua, tulia, keti. Viganja vikitazama juu, vikipanda: kanisa lote lisimame.

"Na wakisimama, wanakaa lini?" aliuliza Tanijah.

"Mhudumu atakapowakalisha. Aliyekusimamisha ndiye anayekukalisha. Hata mchungaji hathubutu kumwingilia."

Mwalimu Guillory naye alihudhuria, kwa sababu watoto walilia hata kwenye kipindi chake cha hisabati na yeye kila mara alijiunga nao. Alikuwa mwanafunzi mbaya kupindukia. Viganja vyake havikujua juu wala chini.

"Mwalimu Guillory! Tumekwambia utuashirie tupumue, wewe unatusimamisha tena!"

"Samahani jamani. Kwetu hakuna mambo haya. Sisi tunapiga magoti tu."

"Ndiyo maana suruali zako zimepauka magotini," Tanijah alisema, na Kamryn akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini wote walikisikia, na Mwalimu Guillory akakosea tena makusudi ili akisikie mara ya pili.

Ilikuwa baada ya kipindi kimoja cha namna hiyo ndipo Kamryn alipobaki nyuma akikunja glavu zake.

"Mwalimu, nataka kwenda kwenye baraza la mji. Nataka kuzungumza."

Tolliver nzima ilijua yaliyotokea mwezi uliopita. Gari la askari yule lilikuwa na kamera, na mkanda wake ulikuwa umefungiwa na mji. Hata familia haikuwa imeuona. Madiwani watano ndio wenye uwezo wa kuamuru utolewe. Mama yake Kamryn, Loretta, alikwenda barazani kuuomba. Alisema sentensi chache, akafika kwenye jina la mwanawe, kilio kikamshinda. Mwenyekiti akasema huo ni uvunjaji wa utaratibu. Kipaza sauti kikazimwa, na mama mfiwa akatolewa nje ameshikwa kwapani na mlinzi, kama mlevi. Hakuna diwani aliyefungua kinywa.

"Mama amesema hatakanyaga tena pale," Kamryn alisema. "Lakini hakumaliza. Mimi nataka kumalizia."

"Na kilio kikikujia, mwanangu?"

"Ndicho ninachokiogopa. Si kulia. Kutolewa nje kabla sijamaliza."

Daktari Stallworth alipoambiwa, alifunga mlango wa ofisi. "Shule haiwezi kwenda, Odessa. Wanatafuta tu mtu wa kumfukuza."

"Shule haiendi. Nakwenda mimi, Jumanne jioni, na mzazi wa kila mtoto amekubali. Wamfukuze bibi mwenye kipepeo, tuone gazeti litasemaje."

Mwalimu mkuu alitoa funguo mkobani. "Chukua gari langu pia," alisema. "Lina viti saba. Na hatujazungumza."

Aliyebaki ni Loretta. Mwalimu Odessa alimkuta jikoni, amezungukwa na vyakula vya kupewa: makaroni na jibini, kuku wa kukaanga, keki tatu za siagi ambazo hakuna aliyezikata.

"Mwalimu, mimi nilianguka pale," Loretta alisema bila kugeuka. "Nilianguka mbele ya watu wote, na nilikuwa peke yangu. Unataka na binti yangu wambebe vile?"

"Hakuna atakayembeba."

"Unajuaje?"

Ukweli ni kwamba hakujua. Kichwani alikuwa anamwona Kamryn ameshikwa kwapani, na miguu ya mtoto haigusi sakafu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye hakuzaa. Ni nani hasa wa kumwomba huyu mama mtoto wake aliyebaki? Lakini alisema, "Nitakuwa nyuma yake. Tutakuwa nyuma yake wote." Loretta alichukua kisu. Alikata kipande cha keki, akakifunga kwenye karatasi, akampa. Kule kwao hiyo ni ruhusa, japo ya shingo upande.

Jumanne jioni ukumbi wa baraza ulijaa hadi kwenye korido. Nusu ya watu walikuwa wa makanisani, mama na bibi waliovaa kofia za Jumapili katikati ya juma. Wanafunzi waliingia mmoja nyuma ya mwingine, mashati meupe, glavu nyeupe, ngumi mgongoni, wakajipanga kando ya kuta na mlangoni. Mwalimu Guillory aliwekwa kwenye ujia wa katikati, mbele, mahali ambapo Kamryn angemwona, kwa sababu Kamryn mwenyewe alisema uso wake unamchekesha. Mlinzi aliwatazama, akawapisha. Hawakuwa na mabango. Hawakuwa na sauti.

Mwenyekiti, Bwana Voss, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alisoma sheria: hakuna kupiga kelele, hakuna kupiga makofi, hakuna mabango, taa ya kijani ni ruhusa ya kusema, nyekundu ni mwisho. Kulia kwake aliketi Diwani Ernestine Mabry, mwanamke mweusi pekee mezani, aliyeinamisha kichwa mwezi uliopita Loretta alipotolewa. Mwalimu Odessa alimfahamu vizuri. Alikuwa mhudumu wa mlango kanisa la Bethelehemu, na walishawahi kugombana juu ya glavu kwenye mkutano wa makanisa.

"Kamryn Fuqua," mwenyekiti aliita.

Alikuwa mfupi kuliko kipaza sauti. Alikishusha. Taa ya kijani ikawaka.

"Mimi ni mdogo wake Demarius," alianza. "Kaka yangu alikuwa anatengeneza mashine za kukata nyasi. Hata yako, Bwana Voss, alishaitengeneza. Alikuwa anacheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza, kwa hiyo mpaka leo kuna utani mwingi sijui unaishaje." Watu wakaguna kwa upole. "Usiku ule alikuwa anarudi nyumbani. Alikuwa ameninunulia..."

Hapo ndipo kilipomkamata. Kwanza mabega, halafu magoti, kisha kile kilio chenyewe, kilichotoka chini kikajaza ukumbi hadi darini.

Mwenyekiti akachukua nyundo yake. Mlinzi akapiga hatua. Lakini Tanijah alikuwa ameshatoka ukutani, hata viatu havikusikika. Alimvua Kamryn miwani. Mwingine akasogeza kiti. Mwalimu Odessa akasimama nyuma yake, ngumi mgongoni, akaanza kupepea.

"Utaratibu!" alisema mwenyekiti. "Mtoto huyu atolewe."

Mlinzi aliangalia glavu zile nyeupe zilizomzunguka mtoto, akasita. Mwalimu Odessa aliendelea kupepea. Bado kidogo, alimwomba Mungu. Kilio hiki kina kilele, na kina mteremko. Tupe mteremko tu.

Mwalimu Guillory aliona nyundo imeinuka, akamwona Kamryn anahema kama aliyezama, na akaamua kufanya lile moja alilofundishwa. Amwashirie apumue. Atulie, aketi. Alinyoosha mikono yake mirefu mbele ya ukumbi wote, akashusha pumzi, na kwa uzito wote na upendo wote wa moyo wake akainua viganja juu.

Bibi wote wa safu ya mbele wakasimama.

Hawakufikiri. Maisha yao yote viganja vya mhudumu vikipanda, wao husimama. Magoti yao yalijua kabla ya vichwa. Nyuma yao safu ya pili ikasimama, na ya tatu, na wale wa ukutani wakajinyoosha, na waliokaa kwenye korido wakainuka, mpaka ukumbi mzima ukawa wima, kimya kabisa, ukitazama mbele. Hata watu wasiokanyaga kanisani walisimama, kwa sababu ni vigumu kubaki umekaa peke yako.

"Kaeni chini!" Bwana Voss alisema. Akagonga nyundo. "Nimesema kaeni!"

Hakuna aliyekaa. Aliyewasimamisha hajawakalisha. Mwalimu Guillory, kwa upande wake, alikuwa ameshagundua alichokifanya, na jasho lilikuwa linamtiririka, na hakuthubutu kusogeza hata kidole.

Ndipo kiti kikasikika kikisukumwa mezani. Diwani Ernestine Mabry alikuwa amesimama. Mwalimu Odessa alimwona akiiangalia ile mikono iliyoinuliwa, kisha mtoto, na polepole mkono wake wa kushoto ukaenda nyuma, ukakunja ngumi, ukakaa mahali pake mgongoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "sheria zako hazikukataza kusimama. Wala kulia hazikukataza. Mwezi uliopita nilijua hivyo nikanyamaza, na Mungu anajua nimepata usingizi gani tangu siku ile. Taa ya mtoto bado ni ya kijani. Tumngoje."

Wakamngoja. Ukumbi mzima, kofia kwa kofia, ulimngoja mtoto mmoja amalize kulia. Kilio kikafika juu, kikashuka. Kamryn akainua kichwa akaona kwamba mji umesimama. Halafu, bila miwani, akamwona Mwalimu Guillory, mikono juu kama mtu anayeporwa, na mdomo wake ukatetemeka kwa kitu kingine kabisa.

Alinyoosha mkono, akapewa miwani, akaivaa.

"Alikuwa ameninunulia soda ya zabibu," alisema, na sauti yake ilikuwa nzima. "Tulirudishiwa vitu vyake, na soda ilikuwemo, haijafunguliwa. Ipo kwenye friji. Sitainywa mpaka nijue kaka yangu alikufaje. Mama yangu aliwaomba mkanda ule hapa hapa na hamkumruhusu amalize. Mimi namalizia. Tunaomba mkanda utolewe, kwa familia na kwa mji wote. Nimemaliza."

Taa nyekundu ikawaka.

"Natoa hoja mkanda utolewe," alisema Diwani Mabry.

Mwezi uliopita hoja isingepata wa kuiunga mkono hata kwa dawa. Ila pembeni ya meza alikuwepo diwani mmoja mzungu kijana, ambaye naye alikuwa amesimama bila kujua kwa nini.

"Naunga mkono," alisema, akaonekana kushangazwa na sauti yake mwenyewe.

Wakapiga kura. Watatu kwa wawili. Mkanda utolewe.

Hakuna aliyepiga makofi, maana sheria ni sheria, lakini mamia ya vipepeo vilitoka mikobani, na ukumbi mzima ukapepea kwa nguvu hata karatasi za mwenyekiti zikaruka mezani. Mwalimu Odessa alihisi furaha ikimpanda kichwani kama homa. Akamwendea Mwalimu Guillory, akaishika mikono yake, akaigeuza viganja chini, akaishusha pamoja naye. Watu wakakaa.

"Nimeharibu sana?" Guillory alinong'ona.

"Sana, mwanangu. Usijifunze kamwe."

Na katika kukaa kule ndipo walipomwona mtu mmoja aliyebaki amesimama, mlangoni, mahali palepale alipotolewa mwezi uliopita. Loretta alikuwa amekuja. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Mvulana aliyelinda mlango aliinua kidole kimoja juu ya bega, kipo kiti kimoja, akampa mkono na kumleta katikati ya ukumbi mpaka safu ya mbele.

Loretta hakufika kwenye kiti. Katikati ya ujia alimwona binti yake akiwa wima, mzima, na akaachia kilio kile kile cha mwezi uliopita, chote alichozuiwa. Mlinzi aligeuka. Mwenyekiti alishika nyundo, akaitazama, akaiweka chini.

Kamryn alitoa glavu mfukoni akazivaa, kidole kwa kidole, kama alivyofundishwa. Akachukua kipepeo mkononi mwa mwalimu wake. Akamvua mama yake miwani, akampa Tanijah, akasimama nyuma yake na ngumi mgongoni.

"Lia, Mama," alisema. "Nipo kazini."